Nilipomkataza bibi togwa, mtoto akarudi wodini

Mwaka 2006 nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Ulikuwa msimu wa mvua, na wodi ya watoto ilikuwa imejaa kuhara. Siku moja alikuja mama kijana na mtoto wake wa kiume wa miezi 11, akiwa amefuatana na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku mbili, ila bado alikuwa na nguvu za kulia na kunivuta kipimo cha shingoni.

Niliuliza anakula nini. Mama akatazama chini, bibi ndiye akajibu.

"Anakunywa togwa, daktari. Hata baba yake nimemlea kwa togwa."

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka chuoni na vitabu vyangu kichwani, na vitabu vilisema chakula cha mtoto kipikwe na kuliwa kikiwa kibichi kwa maana ya upya wake, si kilicholala. Nikawauliza inakuwaje uji uliopikwa jana, umelala nje na umechacha, anapewa mtoto anayeharisha. Nikaagiza waache togwa mara moja, wampe uji wa moto uliopikwa siku hiyohiyo. Bibi akaniambia, "Sawa, mwanangu," kwa ile sauti ambayo wazee wetu huitumia wakiwa hawajakubali ila hawataki kukuaibisha.

Baada ya kama wiki mbili walirudi. Safari hii mtoto hakuvuta kitu. Macho yalikuwa yameingia ndani, akilia hatoi machozi, na ukifinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama kabla ya kurudi taratibu. Tulihangaika kupata mshipa wa dripu. Alipona, nashukuru, lakini usiku ule sikulala.

Kesho yake mama alinieleza kuwa walinitii kabisa. Alipika uji alfajiri, nusu akampa mtoto ukiwa wa moto, nusu akaufunika kwenye bakuli, kisha akaenda shambani kupalilia maharage. Bibi alimpa mtoto uji ule saa sita mchana, na uliobaki saa kumi. Friji haikuwepo. Mkaa wa kuwasha jiko mara nne kwa siku haukuwepo pia. Nilikuwa nimewaagiza uji wa moto, wao wakatekeleza kwa uwezo walionao, na matokeo yake mtoto alikuwa anakula uji wa vuguvugu uliokaa saa kumi.

Muuguzi mmoja mzee wa wodi ile, mwanamke aliyekuwa ameshaona madaktari wengi wapya wakipita, aliniuliza kwa upole kama ni mimi niliyewaambia waache togwa. Nikakiri. Akaniambia, "Huku uji ukikaa, lazima uwe na kitu cha kuulinda."

Sikuelewa alichomaanisha mpaka nilipotafuta kusoma. Na kwa kuwa swali la togwa, mtindi na vyakula vilivyochachuka bado linaulizwa karibu kila wiki na wasomaji wa safu hii, wengine wakitaka kujua kama ni dawa na wengine kama ni uchafu, leo nimeona niliandikie kwa kirefu.

Tuanze na bakuli lile la uji lililofunikwa. Uji mpya ni karamu kwa kijidudu chochote: una maji, una wanga, una joto la kadiri. Bakteria wa kuhara akidondokea humo kutoka kwenye kijiko, mkono au nzi, katika mazingira mazuri anaweza kugawanyika na kuwa wawili kila baada ya kama dakika 20. Piga hesabu mwenyewe. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na ikifika saa 7 baadaye mmoja yule ameshakuwa zaidi ya milioni mbili. Uji haunuki vibaya bado, wala haujabadilika rangi. Mama anaonja, anaona ni mzuri, anampa mtoto.

Sasa chukua uji uleule, lakini mapema kabisa, ukiwa umepoa hadi vuguvugu, umetiwa unga wa kimea na vijiko viwili vya togwa ya jana. Togwa ya jana imejaa bakteria wa aina nyingine, wale tunaowaita bakteria wa asidi ya laktiki. Hawa hula sukari na kutoa asidi. Wameingia kwa wingi, wamewahi nafasi, na kila wanavyokula ndivyo wanavyoufanya uji kuwa mchachu. Kuna kipimo cha uchachu ambacho wanakemia hukiita pH. Namba ikishuka, uchachu umepanda. Uji mpya uko karibu na 6. Togwa iliyokomaa hushuka chini ya 4.5, na mara nyingi hufika 4 au chini yake ndani ya siku moja. Chini ya 4.5 bakteria wengi wanaotuletea kuhara hawawezi tena kuongezeka, na wengi huanza kufa. Bakteria wa kipindupindu ni mmoja wa wanaochukia asidi kuliko wengi.

Hicho ndicho "kitu cha kuulinda" alichokisema muuguzi yule. Togwa inaweza kuachwa na bibi toka asubuhi hadi jioni, mama akiwa shambani, bila friji, na bado ikawa salama kuliko uji mtamu uliokaa muda huohuo. Si bahati kwamba chakula hiki kimedumu mahali ambapo akina mama wanatoka nyumbani alfajiri na kurudi jua likizama.

Mtu anaweza kusema hiyo ni hadithi ya mtoto mmoja, na ana haki. Mtoto mmoja hathibitishi kitu. Pengine angerudi hata kama angeendelea na togwa. Lakini jambo hili limechunguzwa hapa hapa nchini. Wilbald Lorri, mtaalamu wa lishe wa Tanzania, pamoja na mwenzake Ulf Svanberg kutoka Sweden, walifuatilia watoto wadogo waliokuwa wakipewa uji uliochachuliwa na wale waliokuwa wakipewa uji wa kawaida. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yalionyesha kuwa waliopewa uji uliochachuliwa waliharisha mara chache zaidi. Uchunguzi mwingine wa Watanzania na wenzao, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima vinyesi vya watoto na kukuta vijidudu vya kuhara vikiwa vichache zaidi kwa waliokunywa uji uliochachuliwa. Yote hayo yalikuwa yameshaandikwa wakati mimi namkatalia bibi. Hayakuwa kwenye vitabu nilivyosomeshwa, au yalikuwepo na mimi nikayapita.

Kimea nacho kina kazi yake, na kwangu mimi daktari wa watoto hii ndiyo sehemu tamu zaidi ya habari yote.

Tumbo la mtoto ni dogo. Kwa kukadiria, mlo mmoja unaomtosha ni kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 anabeba kama gramu 240, kikombe kimoja hivi. Ukimpikia uji mzito wenye unga wa kutosha, hawezi kuumeza, unamkwama. Mama anaongeza maji ili unywewe. Sasa unanyweka, lakini kikombe kile kimejaa maji na unga kidogo, mtoto anashiba tumbo na mwili unabaki na njaa. Ndiyo maana unakuta mtoto "anakunywa uji sana, daktari," na kadi ya kliniki inaonyesha mstari unaolala.

Nafaka inapoota, mbegu hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili mmea mchanga upate sukari. Ukausage ule ulezi ulioota, ukautia kwenye uji mzito wa vuguvugu, vimeng'enya vile vinaendelea na kazi yao ndani ya sufuria. Uji uliokuwa unasimamisha mwiko unalainika mbele ya macho yako ndani ya dakika chache, bila kuongeza tone la maji. Unga ni uleule, chakula ni kilekile, ila sasa mtoto anaweza kukinywa. Halafu sukari iliyotokea inakuwa chakula cha wale bakteria wa asidi. Kuota na kuchacha pia hupunguza faiteti, kitu kilichomo kwenye nafaka ambacho hushika madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasiingie mwilini. Kwa watoto wetu, ambao upungufu wa damu ni jambo la kila siku kliniki, hilo si dogo.

Nani aligundua haya? Hakuna jina. Louis Pasteur wa Ufaransa aliandika mwaka 1857 kwamba maziwa huchacha kwa kazi ya viumbe hai vidogo, na dunia ikamkumbuka kwa haki. Wanawake waliookoteza ulezi ulioloa mvua na kugundua kuwa uji wake ni mwepesi na mtamu hawakuandika popote.

Kabla hujakimbilia jikoni, kuna mambo ya kuzingatia, na nitayasema kama ninavyowaambia akina mama kliniki.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hapewi togwa, wala uji, wala maji. Ni maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo togwa ni chakula cha nyongeza. Haichukui nafasi ya kunyonya, na yenyewe peke yake haitoshi, inahitaji maharage, karanga, dagaa, yai, mboga pembeni. Nafaka ya kimea iwe safi, isiyo na ukungu. Ulezi ni mzuri kwa kazi hii. Ukitumia mtama, machipukizi na vimizizi vyote viondolewe baada ya kukausha, kwa sababu mtama unapoota hutengeneza kitu kinachotoa sumu ya sianidi, na ulezi hauna shida hiyo. Kimea hutiwa baada ya uji kuepuliwa na kupoa hadi kidole kivumilie. Ukikitia kwenye uji unaochemka, umevipika vimeng'enya na bakteria wote, na kesho utakuta uji mzito kama ulivyouacha. Lakini ukumbuke pia kwamba kimea hakijapikwa. Kikiwa kichafu, umeingiza uchafu kwenye uji uliokuwa umeshauawa vijidudu kwa moto. Ndiyo sababu kianzio kizuri, yaani togwa ya jana iliyochacha vizuri, ni muhimu: kinawapa bakteria wazuri nafasi ya kuanza mbio mbele ya wengine.

Na usizimue togwa kwa maji ya kisima au ya bomba ambayo hayajachemshwa. Hapa ndipo naona makosa mengi, hasa kwa togwa inayouzwa stendi kwenye chupa za maji zilizookotwa. Ukiongeza maji, umepunguza asidi na kuleta wageni kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe naipenda togwa, ila ya stendi siinunui.

Togwa inapokaa zaidi, siku ya pili na ya tatu, hamira za asili huzidi nguvu na kuanza kutengeneza kilevi. Wenyeji wa Songea na Iringa wanajua tofauti hiyo kwa ulimi. Ya mtoto ni ile iliyochacha usiku mmoja, ikiwa na uchachu bila kuwasha pua. Ikianza kutoa mapovu mengi na kunukia pombe, imeshakuwa ya wakubwa.

Kutoka hapo naomba twende kwenye maziwa, kwa sababu somo la togwa likibebwa vibaya linaua.

Miaka michache iliyopita nilimwona mwanaume mmoja, mfanyabiashara wa duka, aliyekuwa na homa kwa miezi miwili. Homa inakuja jioni, usiku analowa jasho hadi anabadilisha shuka, mgongo unauma kiasi kwamba ameacha kuinua magunia. Alikuwa ameshanunua dawa za malaria mara tatu na za taifodi mara mbili, nyingi bila kupima. Nilipomuuliza kuhusu mifugo alisema hana. Nilipomuuliza kuhusu maziwa alisema hanywi maziwa mabichi hata siku moja. Ila wakwe zake ni wafugaji, na kila wiki humletea dumu la mtindi.

"Mtindi hauna ubaya, daktari. Si umeshachacha?"

Kipimo kilithibitisha ni brusela, ugonjwa ambao wafugaji wanauita wa kutupa mimba kwa sababu ng'ombe aliyeambukizwa hutoa ndama kabla ya wakati. Tiba yake ni ndefu, angalau wiki 6 za dawa mbili kwa pamoja, na wengi huiacha katikati wakijisikia nafuu, kisha homa inarudi.

Kosa la bwana yule lilikuwa ni lile langu likiwa limegeuzwa juu chini. Mimi niliamini kila kilichochacha ni kichafu. Yeye aliamini kila kilichochacha ni safi. Uji wa togwa umechemka kwanza, ndipo ukachachuliwa. Moto umeua, asidi inalinda. Mtindi wa wakwe zake haukupita kwenye moto hata kidogo, na asidi peke yake si muuaji wa haraka kiasi hicho. Brusela anaweza kubaki hai kwenye maziwa yaliyoganda kwa siku kadhaa. Vimelea vya kifua kikuu cha ng'ombe navyo hupitia njia hiyohiyo.

Nikieleza haya kwa wafugaji, jibu ni moja: maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri, na yakiganda hayana ladha. Ni kweli, na sababu yake ni rahisi. Ukichemsha umeua bakteria wabaya pamoja na wale wazuri wa kugandisha, kwa hiyo ukiyaacha hivyo hivyo yanakaa yakingoja, na anayewahi kuingia ni kijidudu chochote kilichopita, ndiyo maana yanaharibika badala ya kuganda. Dawa ni kurudisha bakteria wazuri kwa mkono wako. Chemsha maziwa, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, tia vijiko viwili au vitatu vya mtindi mzuri uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, koroga, funika, weka mahali penye joto hadi kesho. Kila unapotengeneza, bakiza kidogo kwa ajili ya safari ijayo. Viwanda hufanya hivyohivyo: hupasha maziwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa nusu saa, jambo lililopewa jina la Pasteur, kisha huingiza bakteria waliochaguliwa. Ladha ya moshi wa kibuyu haipotei. Kibuyu kifukizwe kama kawaida, ila kinachoingia ndani kiwe kimechemka.

Kwa watu wazima wengi wa Afrika ambao tumbo huwanguruma wakinywa maziwa, mtindi huwa mwepesi zaidi, kwa kuwa bakteria wameshakula sehemu ya ile sukari ya maziwa inayosumbua. Hilo nalithibitisha. Matangazo yanayosema mtindi fulani unatibu kisukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, hayo siyathibitishi, na mgonjwa asiache dawa zake kwa ajili ya kikombe cha mtindi.

Kusini, Mtwara na Ruvuma, uhai wa watu umetegemea vijidudu kwa namna nyingine. Mihogo michungu ina sumu inayotoa sianidi. Ukiiloweka kwa siku kadhaa hadi ilainike, vijidudu hulegeza nyama ya muhogo, kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe hukutana na sumu na kuivunja, na sianidi huondoka na maji na hewa. Ukame ukija mihogo huwa na sumu zaidi, na njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuloweka. Matokeo yake yana jina, konzo, neno la Wayaka wa Congo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Mtu, mara nyingi mtoto au mwanamke, analala mzima na kuamka miguu yote miwili imekakamaa, na haitengemai tena. Ililipuka Tarime mwaka 1985, ikaja kuonekana Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa wenye unga ambao hawana uhakika nao, kuna njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, ambayo haihitaji vijidudu wala kifaa: changanya unga na maji, utandaze kwa unene usiozidi sentimeta 1, uache kivulini saa 5 au juani saa 2, ndipo usonge ugali siku hiyohiyo. Mlo uwe na maharage au samaki, kwa sababu mwili unahitaji protini ili kuiondoa sianidi iliyobaki.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi, nalo nalisema kwa wapika pombe na kwa kila mwenye mahindi ghalani.

Tarehe 9 Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya mahindi msibani. Wao nao huiita pombe, neno ni letu sote. Ndani ya siku chache watu 75 walikuwa wamekufa. Mitaani ilivuma kwamba kuna mtu ametia nyongo ya mamba, na katika kila msiba wa namna hiyo unajua vidole huanza kuelekezwa wapi. Vipimo vilivyofanywa kwenye maabara Marekani vilikuta kitu kingine: sumu inayoitwa asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli. Unga uliotumika ulikuwa umeharibiwa na mafuriko. Hakukuwa na mchawi wala mamba. Kulikuwa na unga ulioloa, bakteria asiyetakiwa, na mtu aliyeona hasara kuutupa. Sumu hiyo haivunjwi na kuchemsha, na pombe inayoifunika haionyeshi ladha ya ajabu.

Sisi nasi tuna yetu. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na 20 kati yao walikufa kwa ini kushindwa kazi. Sumukuvu hutoka kwa kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Watu wengi huniambia mahindi yenye ukungu wanayapeleka kwenye pombe au togwa, kwa sababu "yatachacha tu." Kuchacha hakuondoi sumukuvu kwa kiasi cha kukuhakikishia usalama, na kuchemsha hakuiondoi pia. Mahindi ya namna hiyo hayafai kwa pombe, hayafai kwa kimea, na kuku ukiwapa utawapoteza.

Nimalizie kwa yule mtoto. Siku ya kuruhusiwa, bibi aliniuliza mbele ya mkwewe, "Sasa, daktari, tumpe nini?" Nikamwambia ampe togwa, ya usiku mmoja, izimuliwe kwa maji yaliyochemka, na mtoto aendelee kunyonya. Nikampa pakiti za ORS za kuchanganya na lita moja ya maji safi, na vidonge vya zinki vya kumalizia siku zilizobaki, maana mtoto akiharisha togwa ni chakula tu, anachohitaji kwanza ni maji na chumvi zilizopotea. Nikamfundisha dalili za kumrudisha haraka: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakiingia ndani, au choo kikiwa na damu.

Bibi alisikiliza yote, kisha akaniuliza kama kwetu tunakunywa togwa. Nikasema kwetu ni Pwani, togwa tunaifahamu ila hatuiotesheи kimea wenyewe, tunanunua. Akatikisa kichwa. Wiki iliyofuata, mkwewe alipomleta mtoto kupimwa uzito, alikuwa na mfuko mdogo wa ulezi ulioota, umekaushwa na kusagwa, umefungwa kwa kitambaa cha kanga. "Bibi amesema," akaniambia, "usiutie kwenye uji wa moto."